Ufunguo Alionichagulia Shangazi

3 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Kabla hujaendelea, nakuomba ufunge mlango wa chumba unachosomea, na ukimaliza uichome barua hii. Usimwambie mtu neno lolote lililomo humu, hata yule rafiki yako wa chuoni unayemwambia kila kitu. Najua nakuamrisha nami ni mtoto kwako, lakini sina mwingine wa kumwomba.

Shikamoo. Sisi hatujambo. Miguu ya Mama bado inavimba akisimama sana jikoni, ila hataki kukaa. Anasema tangu Baba afariki tunaishi hapa kwa hisani ya Baba Mdogo, na mtu wa hisani hakai. Mimi naendelea na ukarani pale masjala. Bado niko kwenye majaribio, na Msajili bado ananiita "wewe mpya". Baba Mdogo mzima, anakusalimu. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo barua zinavyoandikwa. Hajui kama nakuandikia.

Utashangaa kupata karatasi wakati simu ninayo. Simu yangu nikiwa nyumbani inapita kwenye waifai ya nyumba hii, na waifai ndiyo iliyonifikisha hapa. Laini imeandikishwa kwa jina langu. Baba Mdogo ndiye aliyenituma kusaini: "Wewe ndiye msomi wetu, mwanangu, mimi mzee nitapotea kwenye makaratasi." Ruta, kile kisanduku kinachotoa waifai, iko sebuleni, juu ya kabati la vyombo, karibu na kiti chake. Haina ufunguo wala haijawahi kuwa nao. Mpita njia yeyote anaungana nayo bila hodi, na Baba Mdogo anasema ndivyo inavyofaa, nyumba ya watu haifungwi.

Basi nje, chini ya dirisha la sebule, kuna benchi, na kwenye benchi hapakosi watu na simu zao. Wanatema makohozi ukutani, mengine yameganda yamekuwa kama konokono. Kona ya bomba, anapofulia Mama, wameigeuza choo. Nikilalamika, Baba Mdogo hucheka huku akichokonoa sikio kwa njiti ya kiberiti, hukitazama kilichotoka, kisha hukipaka kwenye mkono wa kiti. "Watu ni baraka," husema. Mtaa mzima unamwita Mpatanishi. Waliogombana na waliochafuliwa majina, wote huishia sebuleni kwake wakilia, naye huwamiminia chai na kuwasikiliza.

Sasa jambo lenyewe. Ofisi yetu ina ukurasa wa maoni mtandaoni, ambapo mtu yeyote anaandika bila kutaja jina. Tangu mwaka uanze kuna mtu anamwandama dada wa mapokezi. Anaandika kwamba anatapika asubuhi kwa sababu ya mimba, kwamba mimba ni ya Msajili, kisha anaeleza ilivyopatikana, juu ya meza ipi, kwa maneno ambayo nilipoyasoma nilijiona kama niliyeshika kitu kilichooza kwa mkono mtupu. Dada wa watu ana vidonda vya tumbo. Kutapika anatapika, ni kweli. Na ni mimi niliyelisema hilo mezani kwetu, nikimhurumia.

Fundi wa kompyuta pale ofisini amegundua kwamba uchafu ule unatoka kwenye laini ile ile ninayotumia nikimalizia kazi nyumbani. Msajili aliniita. Hakufoka, na ingekuwa afadhali angefoka. Alisema, "Una muda hadi majaribio yaishe mwezi wa nane. Niambie ni nani, la sivyo nitaandika kwamba ni wewe." Nikifukuzwa kwa jambo kama hili, hakuna ofisi itakayonipokea, na Mama hatatoka kwenye nyumba ya hisani mpaka azeeke.

Nadhani ni mmoja wa wale wa benchi. Dirisha huwa wazi tukila, wanasikia kila kitu. Nataka kuweka ufunguo kwenye waifai wabaki nje na mate yao. Wewe umekaa na mitambo ya simu tangu kabla sijazaliwa, na sasa unawafundisha wengine. Nifundishe. Naogopa kubonyeza nisichokijua.

Mwanao,
Karani


19 Machi

Mwanangu Karani,

Marahaba. Barua yako nimeipata, nimefurahi kusikia kwamba nyote mnaendelea vizuri. Mimi mzima. Huku baridi imepungua. Magoti yananiuma nikipanda ngazi za chuo, ila wanafunzi wananibebea mkoba, wanafiki wale, wanataka alama. Paka wangu amezaa kabatini juu ya shuka safi.

Hayo mengine ya masomo uliyoniuliza tutazungumza ukipata anwani nzuri ya kazini au kwa rafiki.

Msalimie mama yako, mwambie apumzishe miguu. Msalimie na mdogo wangu. Mwambie namwombea afya, hasa ya pua na kifua.

Shangazi yako


2 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mama anakushukuru kwa salamu. Miguu ni vile vile.

Samahani, lakini nimelia. Nilikuomba siri, nawe ukaleta jibu nyumbani! Baba Mdogo ndiye aliyeipokea. Alinikabidhi kwa mikono miwili, na tabasamu, kama anayenipa cheti. Bahasha ilikuwa imekunjamana pale kwenye gundi kama nguo iliyofuliwa bila kunyooshwa, na ilikuwa bado na unyevu. Nilipoigusa nikajipangusa vidole kwenye sketi. Ashukuriwe Mungu hukuandika kitu cha maana.

Siku hiyo alikuwa hajiwezi. Alipiga chafya asubuhi nzima, macho mekundu, pua inamtiririka hadi mdomoni, anajifuta kwa ile leso yake kubwa nyeupe. Unaijua, ile anayowafutia watu machozi. Mama alimchemshia maji ya kujifukiza. Kisha aliikunja leso ile ile, unyevu ndani, akairudisha mfukoni, na jioni alipokuja mama mmoja wa mtaa aliyegombana na mumewe, akamfutia nayo mashavu. Nilitoka nje, nikakutana na makohozi ya ukutani, nikaona heri hayo.

Kuanzia sasa andika kwa fundi viatu aliye mkabala na posta. Ni mtu asiyependa maneno. Juu ya bahasha weka "Viatu vya Karani". Tafadhali, nieleze habari ya ufunguo.

Mwanao


15 Aprili

Mwanangu Karani,

Marahaba, na pole kwa machozi. Nimecheka peke yangu mpaka paka akanikimbia. Ile barua niliituma nyumbani makusudi. Ndani ya mkunjo wa karatasi niliweka pilipili ya unga, chembe tu, ya kutosha pua moja. Nilitaka kujua kama mtu fulani ameacha tabia yake. Hajaacha.

Sasa sikiliza somo, na ulifuate kwa mpangilio.

Geuza ruta uangalie chini yake. Kuna karatasi iliyobandikwa, ina anwani ya tarakimu pamoja na jina na neno la siri la kuingilia. Andika anwani hiyo kwenye simu yako pale unapoandika anwani za kurasa, utafunguliwa chumba cha ndani cha ruta. Kitu cha kwanza, badilisha neno la siri la chumba hicho. Wengi husahau. Wanafunga lango kwa kufuli jipya na kuacha mlango wa nyuma na kufuli la kiwandani.

Kisha nenda mahali pa usalama wa waifai. Utaona aina kadhaa za usimbaji, yaani namna ya kuficha yanayopita hewani. Ile inayoanza na W, E, P ni kongwe, inavunjwa kama biskuti, usiiguse. Chagua yenye W, P, A na namba 3, au namba 2 kama ruta yako ni ya zamani. Hapo utaulizwa ufunguo. Uwe mrefu. Neno moja gumu halishindi maneno mengi mepesi yaliyoshikana. Usitumie jina lako, la mama yako, wala mwaka wa kuzaliwa. Mwisho, kuna kitufe cha kuunganisha simu kwa kubonyeza tu bila ufunguo. Kizime, maana anayekaa karibu na ruta atakibonyeza.

Na uelewe hili, mwanangu, kwa sababu wanafunzi wangu hulikosa kwenye mtihani kila mwaka: ufunguo unafunga hewa iliyo kati ya simu na ruta. Aliye nje na hana ufunguo haambulii kitu. Lakini haumfungi aliye ndani.

Nina swali moja. Huyo anayeandika machafu, je, huanza kwa kusifu? Nijibu hilo tu. Usiniulize kwa nini nauliza.

Shangazi yako


11 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kukawia. Mama alianguka bafuni, hakuvunjika, ila nyonga ilimuuma kiasi cha kulala chali wiki nzima, nami nilikuwa nikitoka kazini naingia jikoni. Sasa anatembea.

Ufunguo niliweka, na nimeshauharibu. Nitakueleza kila kitu, usinitukane mapema.

Nilisubiri Baba Mdogo aende kwenye kikao cha mtaa. Nikaishusha ruta kutoka juu ya kabati. Ilikuwa inanata, Shangazi, kama sufuria ya sukari iliyoungua, na alama za vidole vyenye mafuta. Nilipoigeuza nisome ile karatasi, mende wakamiminika kutoka kwenye matundu ya kupumulia. Wanapenda joto lake. Wakubwa, wadogo, na wengine weupe waliokuwa wanajivua ngozi. Wakanipanda hadi kwenye kiwiko. Sikupiga kelele kwa sababu ya wale wa benchi. Nilisimama tu nikikung'uta mikono na kumeza mate, na nikafikiri: kila neno linalotoka kwenye nyumba hii linapita humu, juu ya migongo ya hawa.

Nikafuata somo lako. Nikaweka yenye namba 2, maana ruta ni kongwe. Nikatunga maneno manne marefu yasiyohusiana. Nikazima kitufe. Benchi likaanza kulalamika papo hapo, mmoja akagonga dirisha: "Dada, mbona hewani hakuna kitu?" Nilijisikia kama mtu aliyeoga.

Kisha akarudi Baba Mdogo. Hakuniuliza. Alikaa, akatazama simu yake, akaiweka mapajani, akanyamaza. Unajua wazee wetu, hawaombi kitu kwa mtoto. Wananyamaza mpaka mtoto mwenyewe aone haya. Mama akanikonyeza kutoka jikoni. Akasema kwa sauti ya chini, "Utamfungia mwenye nyumba mlango? Mpe kwa heshima." Na mimi nilivyolelewa, nikaandika ufunguo kwenye karatasi safi, nikapiga goti, nikampa kwa mikono miwili.

Akasema, "Ahsante, mwanangu, umefanya vyema, siku hizi dunia ina wezi." Akainuka, akaenda dirishani, akawasomea wale wa benchi. Herufi moja moja! Aliyekosea akarudiwa. "Karibuni," akawaambia, "nyumba ya watu haifungwi." Wakampigia makofi.

Kwa hiyo tuko pale pale. Wiki iliyofuata uchafu mwingine ukatokea kwenye ukurasa.

Nalo swali lako. Ndiyo. Kila mara huanza kwa kusifu. "Ni binti mwenye adabu na ninamheshimu kama mwanangu, ila…" Baada ya "ila" ndipo funza. Shangazi, ulijuaje? Sikukueleza hilo. Nimeirudia barua yangu kichwani, sikukueleza.

Karani


30 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Pole kwa mama yako. Mwambie aweke mkeka wa mpira bafuni, na asione haya kuegemea ukuta, hiyo ndiyo kazi yake.

Sikutukani. Kumkabidhi mtu ufunguo kwa goti ili akautangaze dirishani, hilo kosa lingeweza kufanywa na ukoo wetu tu. Tumelelewa kufungua milango na kusema ahsante.

Nilivyojua, sisemi. Nimekaa nalo miaka mingi, halijaniua, na karatasi si mahali pake.

Fanya hivi. Badilisha ufunguo tena. Safari hii usitunge, nakupa mimi. Uandike kama nilivyouandika, herufi ndogo zote, bila nafasi:

lesoyakoilinifutamachozinikakushukuru

Mpe Baba Mdogo peke yake, kwa karatasi, kwa mikono miwili, kwa goti. Mwambie ni mimi niliyeuchagua. Mama yako usimpe, simu yake ya vibonye haina haja nao. Huyo mzee hatawasomea wa benchi. Nakuhakikishia hatamsomea mtu.

Baada ya hapo keti kimya uangalie.

Shangazi yako


4 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mama mzima. Mkeka tumeweka. Paka wako na wanawe hawajambo?

Ilikuwa kama ulivyosema, na ndiyo maana nimeogopa zaidi.

Nilimpa karatasi mezani. Akavaa miwani. Akasoma midomo ikitembea, kama anavyosoma siku zote. Alipofika katikati midomo ikasimama. Nikasema, "Shangazi ndiye aliyeuchagua." Hakunitazama. Aliikunja karatasi ndogo, ndogo zaidi, akaitia mfuko ule ule wa leso. Kisha akanywa chai kwa ule mfyonzo wake unaosikika hadi uani, na akaniuliza hali ya kazi, kwa upole kabisa.

Wa benchi walipogonga dirisha aliwaambia waifai imekufa. Walikuja siku kadhaa, wakachoka. Sasa benchi ni tupu. Mama alimwaga maji ya dawa kwenye ile kona, akausugua ukuta. Ungedhani tumepona.

Jumapili iliyopita yakatokea mengine, mabaya kupita yote. "Dada huyu ni mchapakazi na Mungu ambariki, ila…" Na humo limo jambo ambalo mimi mwenyewe sikulijua: kwamba baba yake mzazi amemkana na hajakanyaga kwao tangu hapo. Anasimulia kwa nini amekanwa, akiongeza yake, na kwa raha. Unaisikia raha, Shangazi, kama unavyomsikia mtu akitafuna mdomo wazi.

Nikaingia kwenye chumba cha ndani cha ruta, nikatazama waliounganishwa. Simu mbili. Yangu na yake.

Mchana huo huo nilikuwa nimemwona kitini, simu mapajani, kidole kimoja kikibonyeza polepole, ananing'iniza ulimi nje kidogo kama mtoto anayechora. Nilidhani anaandika salamu za rambirambi. Nikampelekea chai! Chai niliyompelekea akaipokea akasema, "Mwanangu wa thamani."

Nimetapika kweli, nyuma, pale pale walipokuwa wakikojoa.

Nimwambie Msajili? Ni mzee wangu, na paa la Mama ni lake. Nisipomwambia, mwezi wa nane ninaandikwa mimi. Niambie alikufanya nini, nijue ninapambana na nani.

Karani


29 Julai

Mwanangu,

Nimeanza barua hii mara nyingi na kuichana. Paka hajambo.

Muulize mama yako habari ya harusi yangu. Mimi siandiki.

Shangazi


16 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo, tena shikamoo. Mama anakukumbatia, amesema niandike hivyo hivyo, "anakukumbatia". Yuko hapa kando yangu amenyoosha miguu kwenye stuli, anakaa bila kuombwa na mtu. Ngoja nieleze kwa utaratibu.

Kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza Mama, Jumamosi alikuja dada wa mapokezi. Mimi nilikuwa chumbani. Nikasikia sauti yake sebuleni, nikatoka, nikamkuta kwenye kiti cha wageni, uso umevimba kwa kulia. Aliponiona akageuza shingo.

Alikuwa amekuja kunishtaki mimi, Shangazi. Kwa Mpatanishi.

"Mzee," alikuwa akisema, "mwambie mwanao aniache. Ofisi nzima inajua inatoka kwenye laini yake. Na hili la baba yangu nilikueleza wewe, hapa hapa kwenye kiti hiki, mwezi wa sita. Sikumwambia mtu mwingine. Umemweleza huyu, naye akaenda kuliandika."

Na Baba Mdogo, najikaza kuandika, akaitoa ile leso, akamshika kidevu, akamfuta shavu moja, kisha jingine. "Huenda ulimi wangu uliteleza mezani, binti yangu," akasema. "Msamehe. Ni mtoto. Ana wivu wa ujana. Hata mimi nimeshaona dalili, nikawa naomba tu."

Nilisimama mlangoni kama nguo iliyotundikwa. Alikuwa ananizika huku akinitaja kwa upendo. Na mkono wake wa pili, ule usio na leso, ulikuwa unapapasa meza kutafuta kikombe.

Nikasema, na sauti haikuwa yangu, "Dada, tangu mwezi wa sita waifai hii ina ufunguo. Wenye ufunguo ni wawili. Mimi na yeye."

Baba Mdogo akatikisa kichwa kwa huruma. "Unasikia? Mimi mzee, simu naijua ya kupokea tu. Amejitaja mwenyewe."

Nilitaka kukimbia. Nakuambia kweli, miguu ilishageuka. Lakini nikaiona leso kwenye shavu lake, na unyevu wake, na nikakumbuka ile barua ya pilipili. Nikasema, "Dada, toa simu yako. Unaiona waifai yetu, ina alama ya kufuli? Bonyeza. Nitakusomea ufunguo."

"Mwanangu," akasema Baba Mdogo, "hayo si ya sasa." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema haraka.

Nikausoma. Neno kwa neno, polepole, kama alivyowasomea benchi. Leso. Yako. Ilinifuta. Machozi. Nikakushukuru.

Jikoni kitu kikaanguka. Mama akatoka na mwiko mkononi, akiegemea ukuta. Akaniuliza mimi, "Maneno hayo kakupa nani?"

"Shangazi."

Hakuniuliza zaidi. Akamgeukia mgeni. "Binti, hayo wanayokuandika, yanaanzaje? Yanaanza kwa matusi au kwa sifa?"

"Kwa sifa, Mama. Kila mara kwa sifa."

"Hata barua iliyomchafua wifi yangu ilianza kwa sifa," Mama akasema. "'Ni binti wa heshima na mwenye kumpata amepata, ila.' Wakwe walituletea barua yenyewe siku ya kuvunja posa, ikasomwa mbele yetu. Haikuwa na jina. Wifi alilia mpaka akakaukiwa, na mdogo wake akamfuta machozi mbele za watu, kwa leso nyeupe, wote tukasema, ana moyo huyu kijana. Mimi nilikuwa bibi arusi mgeni kwenye nyumba hii. Nikasema na mimi. Mwaka uliofuata wifi akaenda mbali, hakurudi, nikadhani ni aibu."

Baba Mdogo akasema, "Shemeji, unachanganya mambo. Nyonga inakusumbua."

Mama akamwendea dada wa mapokezi, akaichukua ile leso iliyokuwa imeachwa begani kwake kwa ncha za vidole viwili, kama unavyomshika panya kwa mkia, akaidondosha kwenye kikombe cha chai cha Baba Mdogo.

Leso ilikuwa inafyonza chai, ikawa ya kahawia polepole kutoka pembeni. Dada wa mapokezi alikuwa amekodoa macho, si kwangu tena. "Nilikwambia wewe peke yako," akasema. "Nikakubusu mkono wakati wa kutoka." Akaupangusa mdomo wake kwa kiganja, mara nyingi, kwa nguvu, hadi midomo ikawa myekundu.

Unajua alichofanya mdogo wako? Hakukana. Hakuomba radhi. Aliitoa leso kwenye kikombe, akaikamua, akakitazama kikombe, akanywa.

Tuliondoka jioni hiyo hiyo. Tulibeba nguo, mkeka wa mpira na sufuria za Mama. Ruta niliiacha na mende wake. Laini niliifunga Jumatatu, jina langu likiwa langu. Dada wa mapokezi alikwenda kwa Msajili mwenyewe, bila mimi kumwomba, akaeleza yote mbele ya fundi wa kompyuta. Msajili aliniita. Hakuniomba msamaha, wakubwa hawajui njia ya kwenda huko. Alisema tu, "Kaa, karani," na sikusikia neno "mpya". Ukurasa haujachafuliwa tena. Ila nasikia benchi limejaa upya. Baba Mdogo ameweka laini nyingine kwa jina la jirani, haina ufunguo, na wanaolia bado wanakwenda. Tuliwaambia wawili watatu. Mmoja alitujibu kwamba tuna kinyongo. Mimi bado nanawa mikono mara nyingi kuliko inavyohitajika.

Shangazi, Mama sasa anakisia kwamba bibi alikuapisha usiseme, ili nyumba isivunjike. Nyumba sasa imevunjika, na sisi tumetoka wazima. Hukuniandikia, na sikulaumu. Ulinipa maneno yale matano, yakatosha.

Sasa namna ya kunipata. Ile nyumba usiiandikie kamwe. Kwa fundi viatu bado ni salama, jina ni lile lile, Viatu vya Karani. Tunakaa uani kwa dada wa mapokezi, katika chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta msafi. Ukishuka kituoni usiulize mtu. Fuata barabara ya posta hadi duka la vioo, ingia uchochoro wa pili, mlango wa bati wa kijani. Piga hodi taratibu, Mama bado anashtuka. Simu nayo unaweza kupiga sasa, nimekuandikia namba mpya nyuma ya karatasi hii. Waifai ya hapa nimeifunga mimi mwenyewe kwa ile aina yenye namba 3. Ufunguo wake siuandiki, nitakunong'oneza ukifika.

Njoo na leso yako mwenyewe.

Mwanao,
Karani